Kwa Nini Aksolotli Hutaga Yai Mojamoja

"Shikamoo mjomba. Nisaidie haraka, hawa wanyama wangu wanauana."

Ujumbe huo uliniingia saa nne usiku, mwezi wa Februari, pamoja na video ya chini ya dakika moja. Mpwa wangu anaishi Hamburg, na sebuleni kwake ana tangi la kioo lenye aksolotli wawili, amfibia wa majini wenye mkia na miguu minne, walionunuliwa pamoja kwa maelezo kwamba wote ni majike. Kwenye video mmoja anamsukuma mwenzake kwa pua chini ya mkia. Kisha anageuka, anaondoka polepole, na mkia wake unatikisika kama wa mtu aliyeshikwa na homa ya baridi. Wa pili anamfuata, pua yake ikiwa imegusa mkia wa aliye mbele. Chini, juu ya bamba la jiwe, kuna vitu vidogo vinavyong'aa kama kamasi, kila kimoja kikiwa na kichwa cheupe.

Nilimjibu kwamba hakuna anayeuawa. Na kwamba si majike wote.

Nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, na sura ya amfibia nimeifundisha kila mwaka kwa kumtumia mnyama mmoja tu: chura. Ndiye tuliye naye. Kusini mwa Sahara kuna vyura wa kila namna, na kuna amfibia wasio na miguu wanaoishi udongoni kama nyungunyungu, lakini salamanda, amfibia mwenye umbo kama la mjusi, hakuna hata mmoja, ndiyo maana Kiswahili hakijawahi kuhitaji jina lake. Matokeo yake ni kwamba Mswahili akimnunua aksolotli Ulaya au Marekani, anamtazama kwa macho ya chura aliyechorewa ubaoni kidato cha tatu. Macho hayo yatampotosha, hasa siku mayai yatakapoanza kutoka.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Aksolotli ni salamanda wa Meksiko, na jina lake limetoka katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Makao yake ni maziwa na mifereji ya bonde la Jiji la Meksiko. Leo kwa hali ya porini amebaki Xochimilco tu, upande wa kusini wa jiji hilo. Salamanda wengi huanza maisha majini wakiwa na matamvua, viungo vya kupumulia majini, nje ya shingo, kisha matamvua hupotea, mapafu hushika kazi, na mnyama hutoka nchi kavu. Aksolotli hafiki hapo. Tezi yake ya shingo haitoi msukumo wa kutosha wa homoni ya kumbadilisha, basi anabaki na matamvua yake yaliyochanua kama manyoya, anabaki majini, na anabalehe akiwa na umbo la kitoto. Ni mtoto anayezaa watoto.

Xochimilco iko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Maji yake ni ya baridi. Jambo hilo ukilisahau hutaelewa lolote kuhusu lini aksolotli anataga na kwa nini. Tangini anastawi maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi, na yakipita 24 anaanza kuumia. Kinachomwasha kwa uzazi ni mabadiliko: siku kuwa fupi kisha kuanza kurefuka, na maji kupoa kisha kupata joto kidogo. Kwa wafugaji wa kaskazini mwa dunia, mataga mengi huangukia kati ya Desemba na Juni. Mpwa wangu alikuwa amebadilisha sehemu kubwa ya maji siku mbili kabla, akitumia maji ya bomba ya Hamburg ya mwezi wa pili. Bila kujua alikuwa amewaletea majira.

Kuhusu majike wawili: hilo ndilo kosa linalorudiwa kuliko mengine yote. Aksolotli mdogo hasomeki. Dume anajitambulisha akishakaribia kukomaa, pale nyuma ya miguu ya nyuma panapovimba pande zote mbili za tundu, kama maharage mawili chini ya ngozi. Jike hana uvimbe huo, ila tumbo lake ni pana. Wengine hubainika wakiwa na miezi minane, wengine wanakawia hadi mwaka mmoja na zaidi. Muuzaji anayekuhakikishia jinsia ya aksolotli mwenye urefu wa kidole anabahatisha tu.

Sasa ile video.

Chura dume humpanda jike mgongoni, humkumbatia kwa mikono, na anaweza kukaa hapo kwa saa nyingi. Jike akitoa mayai majini, dume anamwaga mbegu juu yake hapo hapo. Utungisho unafanyika nje ya mwili. Nimelichora hilo ubaoni mara nyingi mno. Kwa aksolotli hakuna kukumbatiana hata kidogo, na bado mayai hutungishwa ndani ya mwili wa jike. Mtu akilisikia hili kwa mara ya kwanza anauliza swali la haki: mbegu zinafikaje ndani kama hawakutani?

Zinafika kwa kuokotwa. Dume anaanza kwa kumsukuma jike kwa pua, ubavuni na chini ya mkia, penye tundu lile moja linalotoa choo, mkojo na mayai, ambalo wataalamu huliita kloaka. Jike akikubali naye anamsukuma vivyo hivyo, na wawili hao huzunguka kila mmoja pua yake ikiwa mkiani mwa mwenzake. Ukitazama kwa haraka utaapa ni ugomvi. Kisha dume anajitoa, anatangulia, mkia ukitetemeka na kupunga huku ukisambaza harufu yake majini. Jike anafuata. Dume anasimama, anabana tundu lake sakafuni, na anaacha kitu kama koni ndogo ya ute ulioganda. Juu ya ncha yake kuna tone jeupe, na mbegu zote zimo humo. Anasogea mbele hatua moja, kama urefu wa mwili wake, na kusimama. Jike akiendelea kumfuata kwa mwendo ule ule, tundu lake linafika sawasawa juu ya koni. Analishusha na kulinyakua lile tone jeupe. Koni ya ute inabaki chini, tupu.

Sarakasi hii inashindikana mara nyingi. Jike anapita pembeni kidogo tu, au anasita, au anaacha kufuata, na kifuko kile cha mbegu, koni na tone lake, kinapotea bure. Ndiyo sababu dume haweki kimoja. Kwa usiku mmoja anaweza kuweka vitano, anaweza kuweka ishirini na zaidi. Jamaa zao wa Amerika Kaskazini, ambao huzaliana kwa makundi kwenye madimbwi, wana ujanja mwingine: dume wa pili anaweka kifuko chake juu kabisa ya cha dume wa kwanza, ili jike akija akute cha juu. Mnyama asiyeweza kumshika mchumba wake analazimika kushindana kwa namna nyingine, na hapo jike ndiye mwenye neno la mwisho. Asipotaka, hashushi tundu.

Kuna jambo la kiufundi hapa. Koni inahitaji mahali pa kunata. Kwenye kioo kitupu chenye utelezi hukosa mshiko, ikapinduka au kung'oka jike anapopita. Wafugaji wanaotaka mayai huweka vibamba vya mawe yenye uso wa kukwaruza. Mpwa wangu aliweka bamba lake kwa ajili ya urembo.

Mbegu zikishaingia, jike anazitunza kwenye vijifuko vidogo kwenye dari ya kloaka yake. Jambo hili linawachanganya wengi: dume ameshatengwa, yuko kwenye ndoo tangu jana, mbona jike anaendelea kutaga mayai yenye uhai? Kwa sababu dume hahitajiki tena. Kila yai linapopita kuelekea nje linakutana na mbegu mlangoni.

Ujumbe wa pili kutoka Hamburg ulifika kesho yake jioni. "Mjomba, kuna punje nyeusi kwenye kila kitu. Hadi kwenye kipimajoto."

Tangu kuokota mbegu hadi kuanza kutaga hupita saa kadhaa, wakati mwingine siku mbili hivi. Kabla ya hapo jike hatulii. Anatembea tangi zima, anapanda kwenye majani, anashuka, chakula hakimvutii sana. Ukikaa ukamtazama, na mimi nilitazama video zake kwa subira ya mzee aliyestaafu, utaona anavyochagua. Anaupanda mmea, analishika jani kwa miguu ya nyuma kama mtu anayekunja karatasi, analivuta hadi kwenye tundu lake, anakaza mwili, anatulia kidogo, kisha anaachia. Pale alipokuwa pamebaki yai moja, mara nyingine mawili matatu, limenata kwenye jani. Anasogea. Anashika jani lingine. Hivyo hivyo usiku kucha, na anaweza kuendelea siku nzima au mbili, akipumzika katikati.

Mmea ukikosekana anataga kwenye mawe, kwenye bomba la chujio, kwenye waya, kwenye kuta za kioo. Mpwa wangu alikuwa na shina mbili tu za mmea wa majini, na zilipojaa, jike akahamia kwenye vyombo. Idadi huanzia mia moja na inaweza kupita elfu moja. Yeye alihesabu hadi mia nne akachoka.

Swali la kwa nini mojamoja ndilo linalonivutia mimi kuliko yote, na hapa tena chura anatusaidia kwa kutofautiana naye. Chura wa kawaida huacha mayai yake kwa fungu moja la ute, au kwa uzi mrefu kama shanga. Vyura wa povu wa Afrika Mashariki, wale wa mitini, hupiga ute kwa miguu hadi uumuke, wakaacha kiota cheupe cha povu kimening'inia juu ya dimbwi, na viluwiluwi hudondoka majini wakati ukifika. Katika milima ya Taita, Kenya, kuna amfibia asiye na miguu ambaye mama hujizungushia watoto wake shimoni, na watoto huibandua ngozi yake ya juu, iliyojaa mafuta, wakaila. Kisha inaota nyingine. Huyo ni mama kwa kila kipimo. Kila mmoja kati ya hawa ameweka mayai yake mahali pamoja na akayapa ulinzi fulani, kwa wingi, kwa povu au kwa mwili wake.

Aksolotli hana povu wala shimo, na halindi chochote. Ulinzi wake pekee ni kutapanya. Adui akilipata jani moja, atapata yai moja, atalila, na mengine mia tano yako kwingine. Ute unaolizunguka yai ni laini na unanata mwanzoni, kisha unavimba kwa maji na kuwa tabaka la ulinzi. Basi. Mama akimaliza, amemaliza. Ule usemi wetu kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa mnyama huyu hauna pa kushika.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lililofuata: "Watayala?" Jibu la kweli ni kwamba pengine si leo. Wazazi wengi hupita karibu na mayai kwa siku kadhaa bila kuyagusa, na mfugaji anafurahi akidhani ni upendo. Si upendo. Aksolotli haoni vizuri na hutegemea sana harufu na mtikisiko; anakula kwa kufungua kinywa ghafla na kufyonza maji pamoja na kilichomo. Yai lililotulia kwenye jani halimwambii kitu. Lakini yakianza kutikisika ndani, au akiwa na njaa, au yai likidondoka mbele ya pua, litafyonzwa kama chakula kingine. Na watoto wakianguliwa, wanaojitikisa mbele yake siku nzima, atawala wote bila kujua na bila kujali kwamba ni wake. Kwa hiyo ni lazima kuwatenganisha, na njia rahisi ni kuhamisha mimea yenye mayai kwenye chombo kingine chenye maji ya joto lile lile. Yaliyonata kwenye kioo hutolewa taratibu kwa ukucha au kadi ya plastiki.

Lakini mayai si kitu cha kwanza cha kuokoa. Cha kwanza ni jike.

Hili nilimwambia mpwa wangu kwa sauti, nikimpigia simu, kwa sababu kwenye ujumbe mtu anaweza kulipita. Dume haelewi kwamba kazi imekwisha. Jike aliyetoka kutaga mayai mia nne anarudi tangini, na dume anaanza tena: kumsukuma, kutangulia, kuweka vifuko. Tangini jike hana pa kukimbilia. Atafuata tena, ataokota tena, atataga tena, na kila yai limejaa kiini kilichotengenezwa kwa nyama na mafuta ya mwili wake. Majike wanaoachwa na dume mwaka mzima hukonda, matamvua yao hufifia, na huwa wepesi kushikwa na maradhi. Mpe miezi kadhaa ya kupumzika; wafugaji waangalifu husema nusu mwaka, nami nakubaliana nao. Na jike asiyefikisha mwaka mmoja na nusu asianzishwe kabisa, hata kama mwili wake unaweza. Tangi la pili kwa ajili ya dume si anasa. Usipokuwa na nafasi ya matangi mawili, fuga wa jinsia moja.

Jike akimaliza, lishe yake iwe nzito kuliko kawaida, nyungunyungu wakiwa bora kuliko vidonge, na maji yawe safi. Hana zaidi ya hapo anachohitaji kwako.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mtu mmoja aliyepatwa na haya haya kabla ya mpwa wangu, naye alikuwa profesa. Mwaka 1864, wakati jeshi la Ufaransa likiwa Meksiko, aksolotli 34 walifika Paris wakiwa hai. Sita kati yao, madume watano na jike mmoja, walikabidhiwa kwa Auguste Duméril katika jumba la makumbusho ya viumbe. Wakati huo wanasayansi walikuwa na mashaka kama hawa ni wanyama wazima au ni viluwiluwi wa salamanda fulani asiyejulikana; Georges Cuvier, aliyechunguza maiti zao mwanzoni mwa karne hiyo, alielekea kuamini ni watoto. Januari 1865 jike wa Duméril akataga. Mtoto hatagi, kwa hiyo jambo lilionekana limekwisha. Lakini kufika vuli ya mwaka huo huo, baadhi ya watoto walioanguliwa walianza kupoteza matamvua, wakabadilika rangi, wakatoka majini wakiwa salamanda kamili wa nchi kavu, kitu ambacho wazazi wao hawakuwahi kukifanya. Kumbe njia ya kubadilika ilikuwapo mwilini siku zote, imefungwa tu.

Duméril aliwagawa watoto hao kwa maabara na wafugaji wa Ulaya, na aksolotli wa maabara duniani leo kwa sehemu kubwa ni vizazi vyao. Hata wale weupe wenye macho meusi, wanaopendwa sana na wafugaji, rangi yao imetoka kwenye kundi lile la Paris. Kwa hiyo wawili ulionunua dukani siku moja, kutoka beseni moja, wana uwezekano mkubwa wa kuwa kaka na dada kamili, juu ya undugu wa zamani ambao tayari upo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoshangilia kila taga.

Mpwa wangu aliniuliza kama mayai yake yana uhai. Tazama rangi. Yai jipya lina upana wa milimita mbili hivi, jeusi au la kahawia juu na jeupe chini, isipokuwa mama akiwa zeruzeru, maana hapo mayai ni meupe yote. Baada ya saa kadhaa, kwa kioo cha kukuzia, unaona ufa: duara limekuwa nusu mbili, kisha nne, kisha nane, halafu vipande vinakuwa vidogo hadi yai linaonekana laini tena. Baada ya siku kadhaa duara linarefuka kama haragwe, linaota kichwa na mkia. Lililokufa hubaki duara, hugeuka rangi ya maziwa, na ukungu kama pamba unalivamia. Liondoe mapema, kwa sababu ukungu huo unahamia kwa majirani. Jike anayeishi peke yake pia anaweza kutaga. Hayo hayaendi popote, nayo huoza hivyo hivyo.

Kuanguliwa huchukua kati ya wiki mbili na tatu, kulingana na joto la maji. Hapa chura anatupotosha kwa mara ya mwisho, na vibaya. Viluwiluwi wengi wa chura hukwangua mwani na majani laini. Mtoto wa shule anaweza kuwafuga kwa mchicha uliochemshwa. Mtoto wa aksolotli ni mwindaji tangu siku ya kwanza. Hula tu kinachotembea. Siku mbili tatu za mwanzo anaishi kwa kiini kilichobaki tumboni, kisha anahitaji vijidudu hai: artemia, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi wanaoanguliwa kwenye chupa kila siku, au viroboto wa maji. Mara mbili kwa siku. Na maji ya chombo chao yabadilishwe kila siku, kwa sababu mabaki yanaoza haraka. Miguu yao pia huota kinyume na ya chura: ya mbele hutangulia, ya nyuma hufuata. Wakati huo ndugu hufyonza ndugu. Mtoto aliyepungukiwa chakula anang'ata mguu ulio karibu, na mguu huo kwa kawaida ni wa mwenzake. Unaota upya, ndiyo, hilo ndilo lililompa aksolotli umaarufu maabara, lakini kichwa hakioti.

Sasa zidisha hayo kwa mia nne. Nilimwambia mpwa wangu achague ishirini, yasizidi thelathini, na yaliyobaki ayagandishe kwenye friza siku hizo za mwanzo, kabla umbo halijaanza kuonekana. Alinyamaza kwenye simu. Najua wapo watakaoliona hilo kuwa ukatili, na siwalaumu. Mimi naona ukatili ni kuangua mia nne halafu kuwatazama wakilana ndani ya beseni lenye amonia, au kuwagawa kwa watu wasiojua hata maji yanatakiwa yawe ya baridi. Lililo baya kuliko yote ni kuwamwaga mtoni. Aksolotli wa tangini anaweza kubeba ukungu wa ngozi unaoua vyura, na mto wa Ulaya hauna deni naye.

Kinachouma ni kwamba wakati sisi tunagandisha mayai Hamburg, Xochimilco yanatafutwa. Hesabu za porini zilizofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko zilikuta kama aksolotli 6,000 kwa kilometa ya mraba mwaka 1998. Mwaka 2014 walikuta 36. Maji yamechafuka, na mifereji ilishawekwa samaki wa kigeni kwa nia njema ya kulisha watu: karpi kutoka Asia, na tilapia kutoka Afrika, akiwamo sato, yule yule wa mezani Mwanza. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria, tuliowahi kuletewa sangara, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Samaki hao hula mayai na watoto. Kumtapanyia adui mayai kuna maana kama adui ni wachache na wanapita. Kuna maana ndogo kama wako maelfu, wakipekua mimea mchana kutwa.

Na kuwarudisha wa tangini si rahisi hivyo. Wamezaliana ndugu kwa ndugu kwa zaidi ya miaka 150, na wakati fulani walichanganywa na salamanda wa jamii nyingine, ndiko walikotoka mazeruzeru wa leo. Tanzania ina mfano wake, chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha, anayezaa watoto hai badala ya kutaga. Alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, akiwa hai ndani ya matangi ya Marekani tu, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa kwenye maporomoko yake. Lakini yeye alichukuliwa makusudi ili arudi. Aksolotli wa sebuleni hakuna aliyemwandalia safari ya kurudi.

Mpwa wangu alibakiza mayai ishirini na nne. Dume anaishi sasa kwenye tangi la pili, chumba cha kulala, na mpwa analalamika kwamba pampu inamnyima usingizi. Jike alikula nyungunyungu wanne siku ya tatu, akalala chini ya bamba la jiwe. Wiki iliyofuata nilitumiwa picha ya yai moja likiwa limekuzwa: ndani yake umbo kama mkato wa koma, matamvua yameanza kuonekana kama vijiti vidogo. Nilimwambia ahesabu siku, na aende kununua mayai ya artemia leo leo, kwa sababu huchukua siku nzima na zaidi kuanguliwa.

"Nayo yanataga?" akauliza.

Nikamwambia hilo ni somo la siku nyingine.